Ni Nani wa Kumpa Mgeni Jembe?

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sidhani kama yuko mwanafunzi katika nchi yetu asiyeijua methali hii. Imesemwa majukwaani, imepigwa chapa katika vitabu vya kusomea, na Mwalimu Nyerere aliitumia mwaka 1962 alipoeleza maana ya Ujamaa, kwamba katika jamii ya Kiafrika ya asili hapakuwa na nafasi ya mtu mwenye nguvu zake kula jasho la wenzake. Kwa miaka mingi nami niliichukua hivyo, yaani kama bakora ya kumchapia mvivu. Katika ujana wangu nilipata kutunga shairi refu la kuwasuta vijana wakaao vijiweni, na methali hii ndiyo iliyokuwa kiitikio chake. Shairi lilisifiwa. Leo nikilisoma naona haya, si kwa sababu ya vina vyake, bali kwa sababu nilikuwa sijaisikiliza methali niliyoiimba.

Methali haimwambii mgeni akatafute jembe. Inamwambia mwenyeji ampe.

Tazama, msomaji, jinsi neno hilo moja linavyogeuza mambo. Mwenye kuamrishwa hapa ni yule mwenye nyumba, mwenye shamba na mwenye ghala. Siku ya tatu imefika. Basi na ainuke, afungue stoo, atoe jembe lenye mpini imara, amwoneshe mgeni mahali pa kulima, na amhakikishie kuwa atakachokivuna ana fungu ndani yake. Wajibu wa mgeni unaanza pale wajibu wa mwenyeji unapokuwa umetimizwa. Mwenyeji amwambiaye mgeni wake, "Ya tatu hii, toka ukalime," hali jembe amelifungia ndani, hajaitii methali. Ameitumia kumfukuza mtu.

Niliyafahamu haya kwa njia ya kuaibika. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, alihitimu shahada ya ualimu mwaka 2017, akaja kukaa kwangu mjini akingoja kupangiwa kituo. Hakuwa mjinga kungoja. Hadi kufikia mwaka 2015 ilikuwa ni desturi katika nchi yetu kwamba mhitimu wa ualimu hupangiwa shule bila ya mashindano makubwa. Na yeye alipoingia chuoni desturi hiyo ilikuwa bado hai. Alipotoka, ilikuwa imekufa. Mwaka ukapita, wa pili ukaingia. Jioni moja, baada ya chakula, nilimwambia kwa sauti ya mtu atoaye zawadi: "Mwanangu, zama za kuingoja Serikali zimepita. Jiajiri."

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema kwa adabu, macho yake yakiwa chini: "Samahani, mjomba, naomba kuuliza. Wewe ulijiajiri lini?"

Sikuwa na jibu. Nilimaliza kidato cha nne mwaka 1986, na kabla ya mwaka uliofuata kwisha nilikuwa nimeketi katika masijala ya ofisi ya Serikali, nikifungua majalada na kugonga mihuri. Sikuomba mara mbili. Sikusimama katika mstari wa usaili wa watu elfu. Barua ilinifuata nyumbani, na tangu siku ile mwisho wa mwezi haujapata kunipita. Jembe nililopewa na wengine nililitazama kwa muda mrefu hivi hata nikaamini kwamba nimelifua mwenyewe. Na nadhani simo peke yangu katika udanganyifu huo. Wengi kati yetu tunaowahutubia vijana juu ya kujiajiri tunafanya hivyo tukiwa tumelipwa kwa kuwahutubia.

Hebu tuyapime maneno yenyewe, maana lugha yetu imeweka akiba ya fikra ambayo hatuichimbi. Kazi ni neno pana. Mama anayechota maji alfajiri anafanya kazi, na mtoto anayewinga ndege shambani anafanya kazi, wala hapana mtu aliyewaajiri. Lakini ajira ni ndugu wa ujira; ndani yake lazima wawepo watu wawili, mwenye kutoa na mwenye kupokea. Kibarua asili yake ni barua ndogo, kile kikaratasi alichopewa mtu wa kutwa ili siku zake zihesabike. Mshahara nao umetokana na neno la Kiarabu la mwezi: ni malipo ya mtu ambaye mwenziwe amekubali kumtegemea kwa mwezi mzima. Maneno yote matatu yanadai mtu wa pili. Kwa hiyo hili neno la siku hizi, kujiajiri, lina kitendawili ndani yake: mtu anakuwa mwajiri na mwajiriwa, anajiandikia barua, anajipangia zamu, na mwisho wa mwezi anajinyoshea mkono mtupu. Sisemi kwamba neno ni baya. Mkulima, mvuvi na fundi seremala wamekuwa wakijitegemea tangu enzi, na heshima yao ni kubwa. Nasema tu kwamba halielezi wapi jembe litatoka.

Tofauti hii ya kazi na ajira imewachukua wataalamu wa dunia muda mrefu kuikubali. Kwa kanuni waliyoiweka mwaka 1982 huko Geneva, chini ya Shirika la Kazi Duniani, aliyefanya kazi ya kipato walau kwa saa moja katika juma zima hahesabiwi kuwa hana ajira. Saa moja! Kijana aliyebeba mzigo mmoja sokoni siku ya Jumatatu, kisha akakaa hadi Jumapili akitazama barabara, huingizwa katika safu moja na meneja wa benki. Mwaka 2013 wakaitengeneza upya kanuni, wakasema kwamba alimaye kwa ajili ya chakula cha nyumbani mwake anafanya kazi, ila hiyo si ajira. Bibi yangu, ambaye hakujua kusoma, angeweza kuwaambia hayo bila ya mkutano.

Sisi katika Tanzania tuliona udhaifu wa kipimo hicho, tukaweka na cha kwetu. Katika hesabu ya kitaifa huingizwa pia wale walio tayari kufanya kazi lakini wameacha kuitafuta kwa kukata tamaa, na wale waliopata kibarua leo bila ya kujua kama kesho watakuwa nacho. Kwa kipimo hicho, uchunguzi wa mwaka 2006 ulionesha kuwa asilimia 11.7 ya watu walio katika nguvu kazi walikuwa hawana ajira. Mwaka 2014 ikawa asilimia 10.3, na uchunguzi wa 2020/21 ulionesha kushuka tena, chini ya asilimia 10. Tarakimu zinashuka, na sina sababu ya kuzitilia shaka. Lakini ziweke kando ya mambo mengine mawili. Mwezi Juni mwaka 2014 zaidi ya watu 10,000 walikusanyika katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kwa usaili wa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Na mwaka 2025 zaidi ya watu 130,000 waliomba nafasi 1,596 za Mamlaka ya Mapato. Tukisema ugonjwa unapungua huku foleni ya hospitali inarefuka, yafaa tuulize wanaotibiwa nje ya hospitali wanatibiwa na nini. Wengi wao ni hao hao wanaohesabiwa kuwa na shughuli: anayeuza maji ya chupa kwenye taa za barabarani, anayeendesha bodaboda ya mtu mwingine, anayekaa katika kibanda cha ndugu yake. Hawakosi kazi. Jasho lao ni jingi kuliko langu. Wanachokosa ni uhakika kwamba kuna mtu anayewahitaji kesho.

Na hapa linaingia jambo ambalo halina budi kusemwa katika kitabu cha utamaduni, kwa sababu limekaa katika utamaduni wetu kama mwiba katika nyama. Sisi tumefundishwa kumwona asiye na ajira kuwa ni mkosaji. Fundisho hilo halikutoka kwa wahenga. Wajerumani, na Waingereza baada yao, walitutoza kodi ili tulazimike kwenda kwenye mashamba ya mkonge. Mtu alipewa kipande chenye nafasi za siku 30, na asiyekuwa na alama za kutosha alionekana mhuni. Aliyekuwa akilima shamba lake mwenyewe huko kwao aliitwa mvivu, kwa kuwa hakulima la mzungu. Baada ya Uhuru tulibadili mengi, lakini lile jicho la kumkagua mtu barabarani tulilirithi. Mwaka 1976 ilifanyika operesheni jijini Dar es Salaam ya kutaka kila mtu afanye kazi, na mwaka 1983 ikatungwa Sheria ya Nguvu Kazi. Nia yake haikuwa mbaya. Nchi ilikuwa imetoka vitani, njaa na uhaba vilikuwa vimetubana, na ilikusudiwa kwamba mwenye nguvu asikae bure. Lakini nilikuwa na miaka kumi na mitano wakati ule, nikaona kwa macho yangu lori likisimama mtaani kwetu na mzee muuza kahawa akipandishwa pamoja na birika lake. Mzee yule aliamka saa tisa ya usiku kila siku kuwasha mkaa. Watu wote waliokwenda sala ya alfajiri walikunywa kwake. Alipoulizwa anafanya kazi wapi, alionesha birika. Halikukubaliwa.

Baada ya miaka michache tuligeuza uso. Leseni zikatolewa kwa wachuuzi, nazo zikaitwa kwa jina lile lile la nguvu kazi. Na mwishoni mwa mwaka 2018 wafanyabiashara wadogo wakaanza kupewa vitambulisho kwa ada ya shilingi 20,000. Mwaka 2021 wakaondolewa kandokando ya barabara na kupelekwa katika maeneo yaliyotengwa. Silaumu hatua yoyote kati ya hizo kwa peke yake. Mji nao una haki ya kupitika. Ninachokiona ni kwamba mtu yule yule, mwenye birika au sinia lile lile, katika maisha yangu ameitwa mzururaji, mjasiriamali, na kero, ilhali yeye hakubadilika.

Katiba yetu ya mwaka 1977 imesema neno zito juu ya jambo hili. Katika ibara ya 25 inatamka kwamba kazi ndiyo izaayo utajiri katika jamii, na kwamba ndiyo kipimo cha utu. Nimelifikiria sana neno hilo, kipimo cha utu. Likisomwa kwa haraka linatisha: je, asiye na kazi utu wake ni pungufu? Mlemavu, mzee, mgonjwa, na mpwa wangu aliyekaa barazani, wana utu wa nusu kibaba? Sidhani kama ndiyo maana yake. Ibara ya 22 imetangulia kusema kuwa kila mtu anayo haki ya kufanya kazi. Na ibara ya 11 imeiwekea Dola wajibu wa kutengeneza utaratibu wa kuifanikisha haki hiyo, ingawa, na hili mwalimu wa uraia asilifiche, ibara hiyo imo katika sehemu ambayo Katiba yenyewe imesema mahakama haziwezi kuitilia nguvu. Tukiziweka ibara tatu pamoja, kipimo kinapima pande mbili. Kinampima kijana, kama amelishika jembe alilopewa. Kinatupima na sisi, kama tumempa. Jamii yenye vijana wengi wenye mikono mitupu imepimwa, na ni utu wake yenyewe ulioonekana mchache.

Wako watakaosema kuwa nazidisha, kwamba mtu akilishwa na jamaa zake hana alichopoteza isipokuwa fedha. Si kweli. Mwaka 1933 ulichapishwa uchunguzi wa Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel juu ya kijiji cha Marienthal, karibu na Vienna nchini Austria, ambako kiwanda cha nguo kilichokuwa tegemeo la kijiji kizima kilikuwa kimefungwa. Mtu angetazamia kwamba wenye saa nyingi za bure wangesoma zaidi. Kinyume chake, vitabu vilivyoazimwa katika maktaba yao vilipungua. Wanaume walitembea polepole kuliko wanawake, wakisimama kila mara njiani, na wengi wao waliacha kuvaa saa. Wanawake hawakuwa na ajira vilevile, lakini walikuwa na watoto na meko, hivyo siku yao ilikuwa na asubuhi na jioni. Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka mpwa wangu, ambaye miezi ya mwanzo alinisalimu saa kumi na mbili akiwa amevaa viatu, na mwaka wa pili nilimpita amelala. Nilimwita mvivu moyoni mwangu. Alikuwa ameacha kuvaa saa.

Basi ni nani wa kutoa jembe, na kwa njia gani? Mjadala huu ni mkongwe katika nchi yetu, na kila upande una neno la haki.

Wako wasemao Serikali iajiri. Haiwezi kuwaajiri wote, na tulikwisha jaribu kuweka watu wengi mezani kuliko kazi iliyokuwapo juu ya meza. Katika miaka ya 1990 makumi ya maelfu ya watumishi walipunguzwa, nami nilishuhudia watu wazima wakitoka na bahasha ya kiinua mgongo wasijue waelekee wapi. Lakini jibu hilo halitoshi kumnyamazisha mpwa wangu. Tangu elimu ya sekondari hadi kidato cha nne ilipoanza kutolewa bila ya ada mwaka 2016, madarasa yamefurika. Zipo shule ambazo mwalimu mmoja anafundisha darasa ambalo ukutani halina pa kuegemea. Na huku nje wamesimama walimu waliosomeshwa, tena wengi wao kwa mkopo wa umma. Hapo huwezi kusema kazi hakuna. Kazi ipo, na mfanyakazi yupo, na mtoto asiyejua kusoma yupo. Kilichokosekana ni yule mtu wa pili wa kuandika barua. Ukosefu wa namna hii si jambo la uchumi peke yake. Ni suala la kuchagua fedha zilizopo zitangulie wapi, na uchaguzi ni jambo la maadili.

Wengine husema tuwaite wenye mitaji. Ni sawa, lakini tuangalie mtaji unaleta mikono mingapi. Mgodi mkubwa wa dhahabu hutoa mali nyingi kwa watu wachache. Mfano ninaoupenda ni wa korosho, kwa kuwa mama yangu ni mtu wa Kusini. Katika miaka ya 1970 vilijengwa viwanda vya kubangulia korosho katika mikoa ya Mtwara na Lindi na kwingineko, na vingi kati yake vikaja kukaa kimya, vingine vikageuzwa maghala. Sehemu kubwa ya korosho zetu imeendelea kusafirishwa ghafi hadi India na Vietnam, zikabanguliwe huko. Kubangua, kumenya ganda la ndani, kuchambua nzima na vipande, yote hiyo ni kazi ya mikono, na aghalabu ya mikono ya wanawake. Kila gunia linalopanda meli likiwa na maganda yake limebeba pia ujira wa mtu. Tunauza jembe pamoja na mavuno, halafu tunarudi nyumbani kumwuliza kijana mbona hana jembe.

Wa tatu ndio wale wa kujiajiri, kundi langu la zamani. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani iwe mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Hilo ni jembe halisi, nalipongeza. Mwaka 2023 utoaji ulisimamishwa baada ya kasoro kuonekana, ukarejeshwa mwaka uliofuata kwa utaratibu mpya. Lakini kuna vijana wenye mkono wa biashara na wasio nao, kama vile kuna wenye sauti ya kuimba. Mtu aliyesomea kufundisha hisabati, ukimpa mtaji wa kufuga kuku na kuku wakafa, hujui kama umempata mfugaji mbaya au umempoteza mwalimu mzuri. Mara nyingi umefanya yote mawili.

Sitaki kijana asomaye maneno haya ayatumie kama mto wa kulalia. Mgeni aliyepewa jembe akaliegemeza ukutani, huyo methali inamhusu kwa ukali wake wote, na shairi langu la zamani namwachia. Na nakiri kuwa wapo. Lakini mimi niliyekaa ofisini karibu miaka arobaini nimewaona wavivu wengi zaidi waliopewa jembe kuliko waliolikosa; nao hatuwaiti wazururaji, kwa sababu wana viti.

Mpwa wangu hakupata kujiajiri. Alikwenda kwa mwalimu mkuu wa shule ya sekondari ya kata yetu, akaomba kufundisha kwa kujitolea, na wazazi wakakubaliana kuchangishana kidogo kila mwezi apate nauli na sabuni. Kila nafasi za walimu zinapotangazwa anaomba. Barua zake zote nimemwona akizipanga katika jalada moja, kwa tarehe, kama nilivyomfundisha. Bado anangoja. Ila anavaa saa. Juzi usiku umeme ulipokatika alibisha hodi chumbani kwangu, akaniomba nimwazime taa, kwa kuwa alikuwa na madaftari sitini na mawili ya kidato cha pili yanayotakiwa yawe yamesahihishwa kabla ya saa moja na nusu asubuhi.